Utaratibu Usiomjua Mwenyewe

Mliponiandalia chai ya kuniaga mlitaka niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa, maana sambusa zilikuwa zinaisha. Sasa niko nyumbani Kasubi, asubuhi sina pa kukimbilia, na nimeona niwaandikie yale ambayo ningesema kama sambusa zingekuwa nyingi. Vyeo sitavigusia. Vyeo mtavipata au mtavikosa, na sijawahi kuona kompyuta iliyoniuliza cheo changu kabla ya kugoma.

Kwa wale wageni kwangu, mimi ni Saada, Mnubi wa Kisenyi. Babu wa baba yangu alikuja nchi hii akiwa askari, baba yangu akawa dereva wa malori, na mimi nikakulia nyuma ya maduka ya vipuri. Nyumbani tulisema Kinubi, nje Kiganda, kwa wateja wa baba Kiswahili, shuleni Kiingereza. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kompyuta nayo ina lugha yake, sikushtuka. Ilikuwa ya tano tu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi hadi ghorofa iliyo juu ya duka la vitambaa, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nikitarajia kupewa kompyuta. Mzee Wafula alinipa rundo la karatasi, penseli na rula. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa programu. Alitoka Busia, na alizaliwa upande gani wa mpaka hakupenda kusema.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, Mzee?"

"Kila mstari. Uniambie nani anaita na nani anaitwa."

Nilisoma hadi wiki ikaisha. Zilikuwa programu za zahanati na maduka, zimechapwa kwa printa iliyopiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Nilichora mishale kwa rula kutoka mstari huu hadi ule. Mwishoni mwa wiki Mzee Wafula aliitazama mishale yangu, akafuta mmoja, akasema, "Sasa unaweza kukaa kwenye kiti." Hakusema kwa nini alifuta ule mmoja. Nililijua jibu mwezi uliofuata, programu ilipokwama mahali hapo hapo.

Lugha tuliyoitumia ilikuwa ya wanaoanza. Iliundwa kwa ajili ya wanafunzi, ina maneno machache, na mhariri wake, yaani dirisha la kuandikia, hupaka rangi kila neno kama kitabu cha watoto. Wageni wenye shahada za mbali walipopita ofisini waliicheka. Mzee Wafula hakubishana nao. Alinieleza mimi baadaye: "Zahanati ya Kasese ikikwama, itamwita nani? Mtu aliyeanza juzi. Basi tuandike kwa lugha ambayo mtu aliyeanza juzi ataisoma."

Lakini lugha ile ilikuwa na kona moja mbaya, na kwa kuwa kona hiyo ndiyo iliyotuletea kisa kikubwa kuliko vyote katika miaka yangu, nitaieleza polepole.

Katika programu, utaratibu ni maagizo yaliyopewa jina. Ukiandika utaratibu uitwao PigaKengele, kila ukilitaja jina hilo, kengele inapigwa. Wakati mwingine hutaki ipigwe sasa hivi. Unataka kuuweka utaratibu huo mahali, ili programu iuite yenyewe baadaye, jambo fulani likitokea. Unachokiweka si utaratibu wenyewe, ni kielekezi chake, yaani mahali unapopatikana. Lugha yetu iliruhusu hilo bila shida.

Shida ilianza kwenye klasi. Klasi ni kielelezo: unaeleza mara moja duka ni kitu gani na linaweza kufanya nini, kisha unatengeneza maduka mengi kwa kielelezo hicho hicho. Taratibu zilizoandikwa ndani ya klasi ni za kila duka. Mzee Wafula alinipeleka dirishani, akanionyesha safu ya maduka chini yetu.

"Mwambie mtu afungue mlango," akasema.

"Fungua mlango," nikasema kuelekea chini, kwa sauti ndogo, nikiogopa kusikika.

"Upi?"

Hilo ndilo somo zima. Kielekezi cha utaratibu wa klasi lazima kibebe mambo mawili: utaratibu, na kitu ambacho ni chake. Lugha yetu ilibeba utaratibu tu. Mwenyewe ilimsahau. Kitabu cha maelekezo kilisema sentensi moja tu juu ya jambo hilo, kwamba wataalamu watajua la kufanya. Lugha ilikuwa ya wanaoanza, sasa sijui wataalamu hao walikuwa watokee wapi.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kubeba tochi, betri ya akiba na kitambaa cha kufutia vumbi, na kumuuliza mteja kwanza kama plagi imeingia, kwa sauti ambayo haimdhalilishi. Nilijifunza pia kwamba mteja akisema "sijagusa kitu," amegusa, lakini si kile unachodhani. Mzee Wafula alistaafu akarudi Busia, na kwa muda mrefu alikuwa akinipigia simu kuulizia habari za printa.

Kisha akaja Bahati. Mnamfahamu nyote, lakini hamkumwona alipofika. Alitoka Bukavu pamoja na mama yake na wadogo zake. Hesabu alikuwa amezisomea kwa Kifaransa, na Kiingereza alikuwa bado anakiokota. Bi Namutebi, mkurugenzi wetu, alimchukua kwa majaribio, akamweka karibu nami kwa sababu sisi wawili tuliweza kuongea. Kiswahili chake na changu havikuwa kimoja. Mimi nilisema "utaratibu," yeye akasema "kazi." Alipoanza kusema "kodi" kwa maana ya maandishi ya programu, mwenye nyumba alimsikia kwenye ngazi akafurahi sana, akidhani tunazungumzia pango.

Kazi yake ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa kwenye stoo moja ya dawa, kwenye barabara ya kuelekea Port Bell. Pale walikuwa na chumba cha friji zilizopangwa ukutani, zina insulini na chanjo. Programu yetu ilisoma vipimajoto vya friji hizo zote. Friji ikipata joto, king'ora kinalia na skrini inataja ni friji ipi. Programu hiyo iliandikwa na kijana mmoja aliyekwisha kwenda kutafuta maisha ng'ambo. Stoo ilikuwa imenunua friji mpya, na Bahati alitumwa kuiongeza. Akaiongeza, akajaribu, ikafanya kazi.

Wiki kadhaa baadaye, Jumapili mchana, friji ya nne iliharibika. Jumatatu walipofungua stoo, insulini yote ya friji ile ilikuwa vuguvugu. Haikufaa tena ila kuteketezwa.

Niliitwa nikafika asubuhi hiyo hiyo. Kwenye benchi nje ya dirisha la kugawia dawa alikuwa amekaa mama mmoja na binti yake wa shule. Walikuwa wameambiwa waje Jumatatu kuchukua insulini. Karani alikuwa akiwapigia simu watu wa stoo nyingine, moja baada ya nyingine, akiuliza kama wana chochote cha kuazima. Nimeona programu nyingi zikikosea, lakini mara nyingi kosa huonekana kwenye karatasi. Hapa lilikuwa limekaa kwenye benchi, limevaa sare.

Meneja wa stoo, Bwana Kiggundu, alikuwa tayari na jibu. Mlinzi alilala. Mlinzi huyo aliitwa Okello, askari mstaafu, mtu mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Yeye alisema hakulala. Alisema king'ora kililia, akaenda kwenye skrini, skrini ikamwambia friji ya kwanza ina joto. Akaifungua ya kwanza, akaweka mkono, akakuta baridi. Akazima king'ora, akidhani mashine imechanganyikiwa. Alisema hivyo hivyo kwa kila aliyemuuliza, na kadiri alivyorudia ndivyo Bwana Kiggundu alivyomwamini kidogo zaidi.

Bi Namutebi naye alinipigia simu. Alisema kama programu ndiyo yenye kosa, basi aliyeigusa mwisho ni Bahati, na kipindi chake cha majaribio kitaishia hapo. Kwa hiyo kulikuwa na watu wawili na lawama moja.

Nilimwita Bahati aje. Alifika akiwa amekunja uso, hakusalimia vizuri.

"Mama Saada, miye niliongeza friji moja tu," akasema. "Zile zingine sikuzigusa."

"Najua ulichoniambia. Sasa tutazame."

Jaribio lilikuwa rahisi. Waya wa kipimajoto cha friji ya nne tuliutoa nje, Bahati akautumbukiza kwenye kikombe cha chai ya moto. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nikafungua dirisha la friji ya nne kwenye skrini ili nione joto likipanda. Lilipanda. King'ora kikalia, na skrini ikaandika: Friji ya nne ina joto. Ilikuwa sahihi kabisa.

"Umeona mwenyewe, madam," alisema Bwana Kiggundu. "Mashine haina sababu ya kudanganya."

Okello alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Jaribio lilikuwa safi, na lilimsafisha Bahati. Ningeweza kufunga mkoba tukaondoka, na Bahati angebaki na kazi yake. Nilianza hata kukunja waya.

Bahati ndiye aliyekataa. Aliiacha chai palepale, akamgeukia mlinzi.

"Afande, jana, wewe ulifanya nini mbele king'ora ilie?"

"Mimi nilifanya kitu ya kawaida tu."

"Fanya tena. Toka mwanzo."

Okello alimtazama meneja. Meneja akainua mabega. Basi akaja, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa, akashika kipanya kwa uangalifu kama mtu aliyeshika yai. Alianza na friji ya mwisho. Akafungua dirisha lake, akasoma joto kwa sauti, akalifunga, akaenda kwenye inayofuata.

"Mbona unaanza mwisho?" nikamuuliza.

"Hii ya kwanza iko karibu na mlango. Namaliza na yeye, natoka."

Alipofika friji ya kwanza alilisoma joto lake, akaliacha dirisha wazi, akasimama. "Hapo mimi nilienda kwa geti," akasema.

Bahati alichovya waya wa friji ya nne kwenye kikombe. Tukasubiri. King'ora kikalia, na skrini ikaandika: Friji ya kwanza ina joto.

Bwana Kiggundu alisoma, akasoma tena, kisha akaenda mwenyewe kwenye friji ya kwanza, akaifungua, akaingiza mkono. Akausahau humo kwa muda. King'ora kiliendelea kulia mpaka Okello akakizima, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Tulifungua maandishi ya programu papo hapo. Yule kijana wa ng'ambo alitaka kuhifadhi utaratibu wa tahadhari wa kila friji, ili uitwe joto likizidi. Lugha ikamhifadhia utaratibu bila mwenyewe. Kuiziba ile kona, akaweka pembeni kitu kimoja kinachotumiwa na friji zote alichokiita FrijiYaSasa, yaani ile inayotazamwa kwenye skrini, na utaratibu ulipoitwa ukajisemea kwa jina la hiyo. Bila shaka alipojaribu kazi yake aliifungua friji anayoijaribu, kama nilivyofanya mimi. Ukitazama friji ya nne, friji ya nne inajitaja vizuri. Ukitazama ya kwanza, friji yoyote itakayougua itataja ya kwanza. Mistari hiyo iliandikwa kabla Bahati hajavuka mpaka kuja nchi hii.

Nilimweleza Bwana Kiggundu kwamba kosa ni letu, si la mlinzi wake. Kisha nikampigia simu Bi Namutebi.

"Umewaambia wao kabla ya kuniambia mimi," akasema.

"Walikuwa wamesimama wanaitazama skrini, Bi Mkurugenzi."

Nilisikia jinsi alivyovuta kiti. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mteja yule angeweza kutuacha na kuwaambia wengine kwa nini. "Na Bahati?" akauliza.

"Bila yeye ningeondoka na jibu la uongo."

"Basi msiondoke hapo mpaka iwe salama," akasema, akakata simu.

Tulipotoka kwenda kutafuta chakula, Okello alikuwa getini. Sikutarajia shukrani, na hakuzitoa. Alimwambia Bahati, "Mke yangu ameanza kuamini nililala. Leo kwa simu hakunipa hata salamu." Akatoa simu yake, akapiga, akasema maneno machache kwa Kiacholi, kisha akamnyooshea Bahati simu. "Yeye anajua Kiswahili. Mwambie wewe."

Bahati aliichukua. "Mama, jambo," akasema. "Mzee hakulala. Ni mashine yetu ndiyo ilisema mubaya." Upande wa pili tukamsikia mama yule akiuliza kama mumewe amekula. Bahati akamuuliza Okello. Alikuwa hajala. Akaja kula nasi.

Marekebisho aliyaandika Bahati, mimi nikasoma kwa penseli. Aliunda klasi ndogo aliyoiita Mwito, yenye nafasi mbili tu: mwenye kazi, na jina la kazi. Kila friji ilipojisajili kwenye king'ora ilitoa Mwito wake, umebeba friji yenyewe pamoja na utaratibu wake. FrijiYaSasa tukaifuta kila ilipotajwa. Okello alikuwa mjaribuji wetu. Alifungua madirisha kwa mpangilio wa kila aina, mengine kwa ubishi tu, huku mimi nikichemsha vipimajoto kimoja kimoja. Alifurahia kazi hiyo kuliko alivyoonyesha. Insulini nyingine iliazimwa kutoka stoo ya jirani, na yule binti wa benchi alipata yake kabla ya siku kuisha. Bwana Kiggundu hakumwomba mlinzi radhi kwa mdomo. Alimwongezea kiti chenye mgongo pale kwenye kompyuta.

Msidhani basi mambo yaliisha. Friji ya nne ilipelekwa Kisenyi kwa fundi. Asubuhi iliyofuata king'ora kikalia: Friji ya nne ina joto. Ilikuwa kweli, kwa namna yake, maana ilikuwa imekaa juani mbele ya gereji, mlango umeng'olewa. Kwenye programu Mwito wake ulikuwa bado umesajiliwa, na waya wake ulikuwa unaning'inia hewani ukipima joto la stoo. Tulikuwa tumekumbuka kumfunga mwenyewe na kazi yake, tukasahau kwamba mwenyewe anaweza kuondoka. Bahati akaongeza utaratibu wa kujiondoa. Akaandika juu yake, kwa Kiswahili, maelezo ambayo bado yapo: anayetoka achukue miito yake.

Baada ya hapo kipindi chake cha majaribio kiliisha bila mtu kukitaja. Kila mgeni aliyeajiriwa ofisini tulimpeleka stoo ile, akakalishwa kwenye kiti cha Okello, akaulizwa king'ora kinajuaje mgonjwa ni friji ipi. Wengi walijibu haraka na vibaya. Walioniuliza kwanza ni dirisha lipi limeachwa wazi, hao ndio niliowapenda, na baadhi yao ni ninyi.

Siku yangu ya mwisho, baada ya chai, nilikuwa nakusanya vikombe Bahati aliponiita kwenye meza yake. Alikuwa amefungua programu ya stoo. Kwenye miito ya king'ora, pamoja na simu ya mlinzi na ya meneja, ilikuwapo simu yangu. Tuliiweka tulipomaliza matengenezo, ili nijue kabla ya wengine, na kwa miaka yote ile iliniamsha, ilinitoa msikitini, ilinitoa arusini.

"Mama Saada," akasema, "nikuondoe?"

Nilisema angoje kidogo. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikasoma mistari ile mmoja mmoja, nikahakikisha kwamba nikitoka hakuna kitakachoniita na kukuta hayupo mtu. Alikuwa ameweka namba yake chini ya yangu.

"Niondoe," nikasema.

Akabonyeza. Tangu siku hiyo simu yangu hulia mara chache, na mara nyingi ni wajukuu. Nikiipokea husema kwanza jina langu, kisha nauliza nani mwenzangu.